Namna ya Kumlisha Mtoto Mdogo Asipungukiwe na Damu

Mzazi anapoambiwa kliniki kwamba damu ya mtoto wake imeshuka, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kupitia gengeni au dukani kutafuta kitu chekundu: bitiruti, juisi ya rozela, au soda yenye rangi ya damu aliyoelekezwa na jirani. Nia yake ni njema, lakini rangi ya kinywaji haina uhusiano wowote na damu inayotengenezwa mwilini. Gramu 100 za bitiruti zina madini chuma yasiyofika hata miligramu 1, na juisi ya rozela iliyokolezwa sukari humshibisha mtoto na kumwondolea hamu ya kula chakula ambacho kingemwongezea damu kwelikweli. Seli nyekundu za damu huhitaji madini chuma kwanza, kisha asidi foliki, vitamini B12, vitamini A na protini, na vitu hivyo mtoto huvipata katika bakuli lake la kila siku, si katika chupa.

Hili si tatizo la familia chache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na ule wa mwaka 2022 ulikuta hali karibu ileile. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamelazwa popote. Walikuwa nyumbani, wakicheza kidogo kuliko wenzao, wakichoka upesi, wakiugua mara kwa mara, na mzazi akidhani kwamba mtoto wake ni mpole tu kwa tabia. Upungufu wa madini chuma katika miaka miwili ya mwanzo hugusa ukuaji wa ubongo, na ndiyo sababu kinga yake inafaa kuanza mapema, kabla dalili hazijaonekana.

Miezi sita ya kwanza na pengo linalofuata

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na kwa uzito wa kutosha huja duniani na akiba ya madini chuma aliyoipata kwa mama yake, na akiba hiyo humtosha kwa takriban miezi 6. Maziwa ya mama yana madini chuma machache, lakini yanafyonzwa vizuri sana, kwa hiyo mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi hiyo hapungukiwi. Anayeharibu mpango huo ni yule anayeanza kumpa mtoto uji wa mahindi akiwa na miezi mitatu kwa hofu kwamba hashibi, maana nafaka ile huzuia hata yale madini chuma machache yaliyomo katika maziwa yasifyonzwe. Mtoto aliyezaliwa njiti, au akiwa na uzito wa chini ya kilo 2.5, yuko katika hali tofauti: akiba yake ni ndogo na huisha mapema, hivyo mzazi amwulize mhudumu wa kliniki kuhusu matone ya madini chuma kuanzia mwezi wa pili na asisubiri hadi mwezi wa sita.

Baada ya miezi 6 mahitaji hupanda ghafla. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 huhitaji miligramu zipatazo 11 za madini chuma kwa siku, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko anachohitaji baba yake, aliye na mwili mara nane au kumi ya wake. Sasa tazama kinachowekwa mbele ya mtoto huyo katika nyumba nyingi: kikombe cha uji mwepesi wa sembe, sukari, labda na maziwa kidogo. Madini chuma yaliyomo ni haba, na hayo haba yenyewe mengi hayafyonzwi. Pengo hilo, kati ya kinachohitajika na kinachopatikana, ndilo chanzo kikubwa cha upungufu wa damu kwa watoto wa umri huu, na kila hatua inayofuata hapa chini inalenga kuliziba.

Anza na chakula kitokanacho na wanyama, hata kikiwa kidogo

Madini chuma yaliyomo katika nyama, maini, kuku na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko yale ya mimea. Zaidi ya hapo, kiasi kidogo cha nyama au samaki kikiliwa pamoja na maharage au mboga za majani husaidia hata madini chuma ya mimea hiyo kufyonzwa vizuri zaidi. Kwa hiyo ni afadhali mtoto apate kijiko kimoja cha nyama kila siku kuliko kupata sahani nzima Jumapili na kusubiri Jumapili nyingine.

Kwa familia nyingi za Tanzania, jibu lililo karibu na la bei nafuu ni dagaa, wawe wa Mwanza, wa Kigoma au wale wa pwani wanaoitwa dagaa mchele. Dagaa huliwa karibu mzima, hivyo mtoto hupata madini chuma, zinki, protini na vitamini B12 kwa pamoja. Kinachowashinda wazazi ni mchanga na miiba midogo, na vyote viwili vinaondoka ukiwatengeneza hivi.

Nunua dagaa wakavu wasio na harufu ya kuoza wala ukungu. Wachambue mmoja mmoja, ukiondoa vichwa na uchafu wa tumboni, kwa kuwa huko ndiko mchanga na uchungu vinakokaa zaidi. Waloweke katika maji ya moto kwa dakika chache, uwasugue taratibu kwa vidole, uyamwage maji, kisha urudie mpaka maji yatoke safi na chini ya bakuli usione chembe ya mchanga. Waanike juani juu ya ungo safi uliofunikwa kitambaa chepesi ili nzi wasitue, mpaka wakauke kabisa, halafu uwakaange bila mafuta kwenye kikaango kwa moto mdogo, ukigeuzageuza, hadi ukimshika mmoja anavunjika kwa sauti. Watwange katika kinu au uwasage kwenye mashine ya kusagia viungo, kisha uchekeche kwa chekecheo la chai. Unaobaki juu ya chekecheo hurudi kinuni. Unga utakaopata uwe laini kiasi kwamba ukiusugua kati ya vidole viwili husikii mwiba. Uhifadhi katika chupa kavu yenye mfuniko, mahali pasipo na jua, na utengeneze wa wiki moja au mbili tu kwa wakati mmoja, kwa sababu dagaa ana mafuta na unga wake huvunda ukikaa.

Unga huo mtoto wa miezi 6 hupewa nusu kijiko cha chai kwa kuanzia, na kufikia miezi 9 unaweza kuwa kijiko kimoja cha chakula katika kila mlo mkuu. Sishauri kuutia katika uji wa sukari, wala kuuchanganya moja kwa moja na unga wa uji unaohifadhiwa kwenye ndoo. Katika uji wa sukari harufu yake hujitokeza na mtoto huukataa, na ndani ya ndoo unga wote huharibika mapema. Unakaa vizuri katika viazi vilivyopondwa, ndizi za kupika, bokoboko la mchele, au ugali laini wenye mchuzi wa nyanya na kitunguu, ambamo harufu inamezwa na viungo.

Maini ndiyo chakula chenye nguvu zaidi kwa damu kati ya vile vinavyopatikana kwa kila muuza nyama. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina miligramu zipatazo 6 za madini chuma, na ya kuku yana zaidi ya hapo. Hata hivyo yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kipande cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti mara moja kwa wiki, na mkubwa kidogo anaweza kupata mara mbili, bila kuyafanya chakula cha kila siku. Yavue ile ngozi nyembamba, uondoe mishipa, uyakate vipande vidogo na kuyapika kwa moto mdogo pamoja na nyanya na kitunguu mpaka yasitoe tena majimaji mekundu, kisha uyaponde kwa mwiko ndani ya mchuzi wake. Yakipikwa kupita kiasi huwa makavu na mtoto huyatema. Bandama nalo lisisahaulike: lina madini chuma mara kadhaa kuliko maini, na watu wachache huligombania kwa muuza utumbo. Lichemshwe hadi liive kabisa, likwaruzwe kwenye kikwaruzo cha karoti, na lichanganywe katika mchuzi kijiko kimoja kimoja.

Jambo moja ninalitamka wazi kwa sababu linawaumiza watoto. Katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba, maini ni ya wageni, na mtoto huachiwa mchuzi. Madini chuma hayamo katika mchuzi kwa kiasi cha maana. Yamo katika ile nyama iliyoondolewa. Baba anayejua hivyo atakata kipande cha firigisi, akiponde na kumwekea mtoto, na heshima yake mezani haitapungua.

Yai ni chakula kizuri cha mtoto kuanzia miezi 6, nalo lipikwe mpaka liive lote, lakini madini chuma yake hayafyonzwi vizuri. Mpe yai kwa ajili ya protini na ukuaji, bila kulihesabu kuwa mbadala wa dagaa au nyama.

Mimea: si kiasi kilichomo tu, bali kinachofyonzwa

Maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, mtama, ulezi na mboga za majani vyote vina madini chuma, na kwa familia isiyomudu nyama ndivyo vitakavyobeba mzigo mkubwa. Tatizo ni kwamba nafaka na mazao ya jamii ya kunde yana kitu kiitwacho fitati, ambacho huyafunga madini chuma tumboni yakapita bila kufyonzwa. Mabibi zetu walikuwa na njia za kukipunguza muda mrefu kabla hakijapewa jina katika maabara: waliloweka, waliotesha na walichachusha.

Maharage ya mtoto yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, na yapikwe kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Yapitishwe kwenye chekecheo ili maganda yabaki juu, maana maganda humpa mtoto mdogo gesi na hujaza tumbo lake bila faida kubwa.

Kwa nafaka, kimea kinastahili kurudishwa katika majiko yetu; wataalamu wa lishe nchini walikihimiza sana miaka ya 1980, kisha kikasahauliwa kwa sababu ya unga wa dukani. Chagua ulezi safi, uuloweke kwa siku nzima, uuchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu mahali penye giza kwa siku mbili au tatu hadi uote vijimizizi, kisha uuanike mpaka ukauke na uusugue ili vijimizizi vianguke. Ukitumia mtama, vichipukizi na mizizi yake lazima viondolewe vyote, kwa kuwa vina sumu. Baada ya kusaga, pika uji mzito wa kawaida, uuache upoe kidogo hadi uvuguvugu, utie kijiko kimoja cha kimea na kukoroga. Ndani ya dakika chache uji ule mzito utalegea na kuwa mwepesi mbele ya macho yako, bila kuongezwa tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto. Faida yake ni mbili: mtoto mwenye tumbo dogo hula unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile, na fitati inapungua. Uji huohuo ukiachwa uchachuke usiku mmoja katika chombo kilichofunikwa, kama togwa inavyotengenezwa Songea na Iringa, madini chuma yake hufyonzwa vizuri zaidi.

Hapa nieleze msimamo wangu kuhusu ule unga wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi au kumi na tano unaouzwa kwa sifa nyingi. Mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi na uwele vikichanganywa pamoja bado ni kundi moja la chakula, na soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa humletea mtoto matatizo ya tumbo. Karanga zilizovunda zikiingia humo huweza kuleta sumukuvu. Unga wa nafaka moja au mbili, uliopikwa vizuri na kuongezewa karanga safi zilizosagwa siku hiyohiyo, unamfaa mtoto zaidi, mradi mlo unaofuata uwe na dagaa, maharage na mboga.

Mboga za majani, yaani mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu na matembele, zina asidi foliki na vitamini A kwa wingi, na madini chuma kiasi. Zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa dakika chache tu katika maji kidogo yasiyomwagwa, na zitiwe mafuta kijiko kimoja. Kisamvu peke yake hakiingii katika kanuni hii: kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, ili sumu yake ya asili iondoke.

Kisha linakuja jambo dogo linaloleta tofauti kubwa kuliko wengi wanavyodhani, nalo ni vitamini C. Matone ya ndimu au limau yakikamuliwa juu ya maharage na mboga baada ya kuepuliwa, au kipande cha pera, embe, papai au chungwa kikiliwa katika mlo uleule, madini chuma ya mimea hufyonzwa maradufu na hata zaidi. Ndimu ikamuliwe chakula kikiwa kimeepuliwa, kwa sababu moto huharibu vitamini C. Ubuyu wa asili uliokorogwa katika maji safi yaliyochemshwa nao unafaa. Ule wa rangi na sukari wanaouziwa watoto kwenye vipakiti haufai.

Chai na maziwa

Mtoto mdogo hapaswi kupewa chai wala kahawa. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa madini chuma ya mimea kwa zaidi ya nusu, na chai ya maziwa na mkate asubuhi, ambayo wengi tunaiona kuwa kifungua kinywa cha heshima, humwacha mtoto bila kitu cha kujengea damu hadi mchana. Kama nyumbani kuna watu wazima wanaokunywa chai, mtoto asionjeshwe kikombeni, kwani akishaizoea ataidai kila siku.

Maziwa ya ng'ombe yanahitaji maelezo zaidi kwa sababu yana sifa njema, na anayeyakosoa huonekana mtu wa ajabu. Kabla ya mwaka mmoja hayafai kuwa kinywaji kikuu cha mtoto: yana madini chuma machache sana, kalsiamu yake huzuia yale ya chakula kingine, na kwa baadhi ya watoto wachanga husababisha damu kidogo kidogo kuvuja katika utumbo bila kuonekana kwa macho. Baada ya mwaka mmoja yanafaa, lakini yasizidi nusu lita kwa siku, na yanywewe kati ya milo badala ya kuandamana na chakula. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekunywa lita nzima ya maziwa kwa chupa na kukataa chakula huwa mnene, mashavu yamejaa, na wakati huohuo damu yake iko chini. Unene huo huwafanya wazazi wasishuku chochote. Maziwa ya mama hayamo katika onyo hili, na mtoto aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Siku moja ya mtoto wa miezi kumi

Mtoto wa umri huu hula mara tatu hadi nne kwa siku, kila mara takriban nusu ya kikombe cha mililita 250, na hunyonya kila anapotaka. Asubuhi apewe uji wa ulezi uliolegezwa kwa kimea na kutiwa kijiko cha karanga zilizosagwa, pamoja na papai lililopondwa. Mchana apewe viazi au ndizi zilizopondwa na maharage yaliyochekechwa, kijiko cha unga wa dagaa, mchicha uliokatwa laini, mafuta kidogo na matone ya ndimu. Alasiri apate embe, parachichi au nusu ya yai lililoiva. Jioni ugali laini au bokoboko, na nyama iliyosagwa au dagaa tena, nyanya na majani ya maboga. Siku moja katika wiki maini yachukue nafasi ya dagaa.

Chakula kiwe kizito kiasi cha kutomwagika kijiko kinapoinamishwa. Mtoto awe na bakuli lake, ili anayemlisha, awe mama, bibi au dada wa kazi, ajue amekula kiasi gani, na alishwe kwa subira bila kulazimishwa. Mtoto aliyeanza kupungukiwa na damu hukosa hamu ya kula, na mlishaji asiyelijua hilo huacha baada ya vijiko vitatu akisema ameshiba.

Unga ulioongezwa virutubishi, na tahadhari kuhusu dawa

Tangu mwaka 2011 Tanzania ina kanuni zinazotaka viwanda kuongeza virutubishi, yakiwemo madini chuma na asidi foliki, katika unga wa ngano na wa mahindi. Unaponunua unga, soma mfuko na utafute maandishi yanayoonyesha kuwa umeongezwa virutubishi. Unga unaosagwa kwenye mashine za mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, hivyo anayeutegemea ajue kwamba dagaa na maharage ndiyo nguzo yake. Vipo pia vipakiti vya virutubishi vya unga kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, ambavyo hutolewa au kuuzwa katika baadhi ya maeneo: kipakiti kimoja kwa siku huchanganywa katika sehemu ndogo ya chakula kilichopoa, ambayo mtoto ataimaliza ndani ya nusu saa, na hakipikwi.

Dawa za madini chuma ni habari nyingine. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulisimamisha mapema sehemu yake iliyohusu madini chuma, baada ya kuonekana kwamba watoto waliopewa madini chuma na asidi foliki kila siku, mahali penye malaria nyingi, walilazwa hospitali na kufariki kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Hata hivyo, kati ya watoto waliofuatiliwa kwa karibu, wale waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Tangu hapo maelekezo ni kwamba katika maeneo yenye malaria dawa hizo ziende sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Kwa hiyo mzazi asinunue dawa ya kuongeza damu dukani kwa kukisia. Kwanza mtoto apimwe. Chakula hakina hatari hiyo, na ndiyo sababu nyingine ya kukipa uzito.

Hata chakula kizuri hakitatosha ikiwa damu inapotea upande wa pili. Malaria huvunja seli nyekundu, kwa hiyo mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Minyoo ya safura hunyonya damu katika utumbo na huingia kupitia ngozi ya miguu, hivyo mtoto anayetembea avae viatu na choo kitumike ipasavyo. Kila Juni na Desemba watoto hupewa matone ya vitamini A kuanzia miezi 6 na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja. Asikose hata awamu moja. Mtoto anayekula udongo au mkaa asichapwe, apelekwe kupimwa, maana tabia hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe.

Nyumbani unaweza kulinganisha kiganja cha mtoto na chako mwenyewe mchana penye mwanga, ukitazama pia ndani ya kope ya chini na ulimi: weupe usio wa kawaida ni sababu ya kwenda kituo cha afya. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, mtoto wa miezi 6 hadi 23 huhesabiwa kuwa na upungufu iwapo wekundu wa damu (himoglobini) uko chini ya gramu 10.5 kwa desilita, na wa miezi 24 hadi 59 ukiwa chini ya 11. Chini ya 7 ni upungufu mkali. Mtoto anayepumua kwa kasi, anayeshindwa kunyonya, aliyelegea au mwenye viganja vyeupe kabisa awahishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, bila kusubiri chakula kifanye kazi. Ikiwa macho yake yana umanjano, au vidole na miguu huvimba na kuuma, mzazi aombe kipimo cha seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa mtoto mwenye seli mundu hapewi madini chuma bila daktari kuthibitisha kwamba amepungukiwa nayo.

Akiandikiwa dawa ya maji ya madini chuma, apewe kwa kipimo kilichoandikwa, kati ya milo ikiwezekana, pamoja na juisi ya chungwa na kamwe si pamoja na maziwa au chai. Choo chake kitakuwa cheusi, na hilo si la kutisha. Meno yakibadilika rangi yapigwe mswaki. Dawa iendelee hadi siku ya mwisho iliyopangwa hata kama mtoto amechangamka wiki ya pili, kwa sababu damu hupanda kwanza na akiba hujazwa baadaye, na mtoto arudishwe kupimwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Chupa yenyewe ifungiwe juu ya kabati, mbali na ndugu zake wadogo, kwa kuwa dawa hiyo ikinywewa kwa wingi ni sumu inayoweza kuua.